Nitajuaje Jumatano kama mto utavulika Jumamosi? (Hoh, Bogachiel, Sol Duc)

mvuvi_jumamosi | Jumatano, saa 3:40 usiku

Wakuu, habari za usiku. Naomba msaada wa wanaovua stilihedi (trauti wanaokwenda baharini na kurudi mtoni) huku pwani ya Olympic, jimbo la Washington, Marekani.

Ninaishi Tacoma. Kazi yangu ni ya zamu na siku yangu ya mapumziko ni Jumamosi peke yake. Kutoka hapa hadi Forks, mji ulio karibu na mito hiyo, ni zaidi ya saa tatu barabarani, kwa hiyo ili niwe mtoni kabla hakujapambazuka inabidi nitoke saa nane usiku. Kuna mafuta ya gari, kuna usingizi, na mke wangu anabaki na watoto kutwa nzima. Hayo yote nayabeba kwa moyo mmoja. Ninachotaka ni kujua mapema kama maji yatafaa, maana msimu huu nimekosea mara mbili, na mara zote mbili niliamini nimesoma hali ya hewa vizuri.

Mara ya kwanza ilikuwa katikati ya Desemba. Utabiri wa Forks ulisema nusu inchi ya mvua Ijumaa. Nikajisemea, nusu inchi kwa Forks ni manyunyu. Nilifika kwenye daraja la barabara ya 101 juu ya mto Hoh bado giza, nikashuka na tochi. Hata kabla sijamulika nilisikia mawe yanagongana chini ya maji. Kulipokucha mto ulikuwa rangi ya chai ya maziwa, na gogo zima likapita mbele yangu na mizizi yake. Nikageuza gari.

Mara ya pili ni wiki ya kwanza ya Januari. Utabiri ulisema inchi mbili ndani ya siku mbili, nikabaki nyumbani. Jumapili mwenzangu kazini akanionyesha picha aliyopigwa Jumamosi kwenye Hoh huo huo: maji ya kijani, na stilihedi ndani ya wavu, bado yumo majini kama kanuni inavyotaka.

Nusu inchi iliuharibu mto, inchi mbili hazikuuharibu. Kuna kitu nisichokiona. Mnatazama nini, na mnakitazama siku gani ya wiki?

---

kijiko_chekundu | Jumatano, saa 4:15 usiku

Pole mkuu. Mimi kanuni yangu ni fupi: mvua ikizidi inchi moja kwa siku, siendi Hoh kwa siku tatu. Mara nyingi inanisaidia. Halafu fungua geji za USGS (vipimo vya maji ya mto vya serikali ya Marekani), ni bure, na namba zinasomwa kila dakika 15. Mstari ukiwa unapanda, endelea kulala.

---

lori_la_magogo | Alhamisi, saa 10:50 alfajiri

Mdogo wangu, pole kwa safari zile. Nimeendesha lori la magogo barabara ya 101 kwa miaka kumi na tisa, na daraja hilo la Hoh nalipita mara mbili hata mara nne kwa siku. Nitaandika kirefu kwa sababu jambo hili nalipenda, na kwa sababu swali lako ndilo lile lililonisumbua mimi miaka mitano ya mwanzo.

Ulisoma namba moja, na zilikuwepo mbili. Ya pili ni kimo cha kuganda, yaani ni futi ngapi juu ya usawa wa bahari ambako hewa inafikia baridi ya kugandisha maji. Theluji huanza kushika takriban futi 1,000 chini ya kimo hicho. Sasa chukua Januari yako. Kimo cha kuganda kilikuwa kama futi 3,000. Maana yake kuanzia futi 2,000 kwenda juu, inchi zako mbili ziliangukia milimani kama theluji na zikakaa huko huko. Mto Hoh unaanzia kwenye barafuto (barafu ya kudumu) za Mlima Olympus, ambao unakaribia futi 8,000. Sehemu kubwa ya bonde lile la juu ilikuwa imefunga mlango. Maji yaliyoingia mtoni ni ya vilima vya chini tu.

Desemba yako ilikuwa kinyume chake. Wiki ile naikumbuka kwa sababu nilivua koti nikiwa nafunga minyororo ya mzigo saa kumi alfajiri, mwezi wa kumi na mbili. Kimo cha kuganda kilipanda kupita futi 7,000. Mvua ikafika karibu kileleni, na theluji iliyokuwa imelala milimani wiki nzima ikateremka nayo. Watu hudhani ni matone ya mvua yanayoyeyusha theluji. Kinachoiyeyusha zaidi ni hewa yenyewe, ile ya vuguvugu iliyojaa unyevu, na upepo unaoisukuma. Kwa hiyo usiku wenye upepo wa joto na mvua ndogo unaweza kuujaza mto kuliko siku mbili za mvua kubwa ya baridi.

Tena ile nusu inchi ni ya mjini Forks, bondeni. Upepo ulikuwa wa kusini-magharibi, na bonde la Hoh limefungua mdomo upande wa bahari. Mawingu yanaingia moja kwa moja, mlima unayapandisha, yanamwaga. Kule juu hunyesha kupita kile unachokiona mjini. Anga la Tacoma usilitazame kabisa. Linahusu mito mingine.

Ule unyevu unaokuja kwa mkanda mrefu kutoka pande za Hawaii, watabiri wanauita mto wa angani, na watu wa huku wanauita Pineapple Express. Ukikuta jina hilo kwenye utabiri, Hoh na mto jirani yake Queets iondoe kwenye mipango ya wiki hiyo.

Umeuliza siku gani ya wiki. Jumatatu na Jumanne mimi sifungui grafu ya mto, nasoma maelezo ya maandishi ya idara ya hali ya hewa, National Weather Service, ofisi ya Seattle. Ziache zile picha za jua na wingu, soma maandishi. Wanaandika kimo cha theluji na wanaandika wana uhakika kiasi gani. Jumatano nafungua Northwest River Forecast Center, wako Portland. Hao wanachukua mvua, joto na theluji wanachora mstari wa mto siku kumi mbele. Siku mbili tatu za mwanzo naziamini. Zaidi ya hapo natazama tu kama mstari umeelekea juu au chini. Alhamisi na Ijumaa ndipo nakaa na geji ya USGS.

Kwenye geji, namba yenyewe ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni umbo la mstari. Elfu tatu inayopanda na elfu tatu inayoshuka ni mito miwili tofauti. (Tunahesabu futi za ujazo kwa sekunde, elfu moja ni kama mita za ujazo 28.) Mto unapopanda unabeba majani, vijiti, mchanga na kila uchafu uliokuwa umelala kandokando tangu mara ya mwisho, na samaki anahangaika kutafuta mahali pa kujibanza. Ukianza kushuka, uchafu unatulia, samaki walioingia kutoka baharini na yale maji makubwa wanaanza kusimama kwenye njia zao, na ukingo unakuwa na maji laini ya kuvua. Mimi natafuta siku ya pili au ya tatu ya kushuka.

Hesabu yangu iko hivi. Angalia mto ulikuwa ngapi kabla ya mvua. Ondoa hiyo kwenye kilele, unapata ziada. Kwenye Hoh, ikiwa juu kumerudi baridi na hakuna mvua mpya, ziada hiyo inapungua kwa nusu kwa takriban siku moja. Kesho yake nusu ya iliyobaki. Si sayansi ya mtu mwingine, ni daftari langu, na hukosea ikija mvua nyingine juu yake au kimo cha kuganda kikigoma kushuka. Angalizo moja: baadhi ya grafu za USGS mhimili wake wa wima umebanwa, nafasi ya kutoka 1,000 hadi 10,000 ni sawa na ya kutoka 10,000 hadi 100,000. Kushuka kukubwa kunaonekana kama mteremko mdogo. Soma namba, usipime kwa macho.

Ardhi nayo ina neno. Mvua ya kwanza ya Oktoba inanywewa na msitu. Nimeona inchi mbili za Oktoba ziuguse Bogachiel kidogo tu, kisha nusu ya hizo, mwezi wa kwanza, ziupeleke mto hadi kwenye vichaka. Kufikia Desemba udongo umeshashiba, kila tone linatafuta mto. Na Oktoba, hata maji yakiwa mazuri, utavua majani ya miti ya alda mpaka uchoke: kila ukirusha, jani moja kwenye ndoana na moja kwenye fundo.

Sasa mito yenyewe haifanani, na hapa ndipo ninapomwomba radhi kijiko_chekundu, maana siku tatu zake ni sahihi kwa Hoh na ni hasara kwa mito mingine. Calawah una milima mifupi na hauna barafuto. Unapanda haraka na kushuka haraka. Sol Duc nao ni mwepesi kueuka, yaani kusafika, na huo ndio ninaoutegemea pakiwa na mashaka. Bogachiel uko katikati. Hoh na Queets ni wa mwisho. Hoh una tatizo lake la udongo: unahamahama bondeni na kula kingo za mfinyanzi wa kijivu ulioachwa na barafuto za kale. Ukingo mmoja ukimeguka huko juu, maji yote ya chini yanakuwa kama uji wa saruji, hata kama hakukunyesha. Kwa sababu hiyo namba ya Hoh hushuka kabla rangi haijashuka. Wageni wengi wanaona namba nzuri, wanaendesha saa tatu, wanakuta kijivu.

Nikifika mtoni nina jaribio moja ambalo sijaliacha. Naingia taratibu mpaka maji yanifike gotini, nasimama hadi mchanga niliotibua upite, natazama ncha ya buti langu. Nikiiona kama kivuli cha kijani, hapo nafurahi, hayo ndiyo maji yenyewe. Nikiona hadi kamba na mishono ya ngozi, maji yameeuka sana: nabadilisha mshipi mwembamba, navua vitu vidogo na vyeusi, nakaa mbali na ukingo. Nisipoiona kabisa, navua futi sita tu kutoka nchi kavu, penye maji ya polepole, kwa kitu kikubwa kinachong'aa. Au naenda mto mwingine. Naandika daftarini: namba ya geji, kupanda au kushuka, kimo cha kuganda cha siku mbili zilizopita, na buti.

Lori linapata moto. Nitarudi jioni.

---

dada_wa_sky | Alhamisi, saa 2:30 asubuhi

Shikamoo mzee. Nimesoma mara mbili na nimenakili ile hesabu ya ziada.

Mimi navua mto Skykomish, upande wa milima ya Cascade, geji yetu ni ya Gold Bar. Huku kuna kitu kimoja ambacho pwani hakipo. Kimbunga kikishapita na upepo ukageuka kaskazini-magharibi, hewa inagawanyika kuizunguka milima ya Olympic, inakutana tena upande huu wa ghuba ya Puget Sound. Hapo panapokutana, mara nyingi kaunti ya Snohomish, mvua inaendelea kunyesha wakati Tacoma jua linawaka. Mara tatu nimeona grafu ya Gold Bar ikianza kushuka vizuri halafu ikapata kinundu kipya usiku. Kwa hiyo atakayekuja huku asome pia upepo wa baada ya mvua.

La pili ni joto la maji, na hili kaka mvuvi_jumamosi asiliache. Mimi nina kipimajoto kimefungwa kwa kamba kwenye mkoba. Maji yakiwa chini ya nyuzi 40 za Farenhaiti, stilihedi hasogei mbali kufuata chochote. Lazima umpelekee mdomoni, polepole, kwenye maji mazito ya kina. Lakini namba yenyewe naijali kidogo kuliko mwendo wake. Maji yaliyokuwa 37 Alhamisi yakafika 41 Jumamosi yamenipa samaki wengi kuliko maji ya 44 yaliyotoka kwenye 48. Ndiyo maana baada ya wiki ya baridi kavu, ile yenye upepo wa mashariki na mto mwembamba kama kioo, mimi nasubiri wingu la kwanza. Wingu linaziba usiku, maji hayapozi sana, mvua ndogo inaleta rangi. Siku hiyo naomba ruhusa kazini.

Na hapa mzee naomba nitofautiane nawe kidogo. Mto unaopanda siuachi wote. Zile saa mbili tatu za mwanzo, kabla tope halijafika, wakati maji yameongezeka kiganja kimoja tu kwenye jiwe, nimepata samaki wakali sana. Ila uwe karibu na mto, na uwe na njia ya kutoka majini nyuma yako. Kwa mtu wa kutoka Tacoma si jambo la kupangia safari.

Mwisho, kabla ya kutoka soma tangazo la WDFW, idara ya samaki na wanyamapori ya jimbo, la wiki hiyo, si la mwezi uliopita. Tangu 2016 stilihedi wa asili wanarudishwa majini jimbo zima, na Desemba 2020 pwani ilikatazwa chambo na kuvua ukiwa ndani ya chombo kinachoelea. Kila msimu tangu hapo kanuni zimekuwa zikibadilika mto kwa mto, wakati mwingine msimu ukiwa katikati. Samaki wa pwani wamepungua na wanahitaji uangalifu wetu.

---

mwamba_laini | Alhamisi, saa 7:05 mchana

Salamu kutoka Cleveland, Ohio. Kwetu stilihedi si wa asili, wanapandwa mitoni na wanakulia Ziwa Erie badala ya bahari, lakini swali ni lile lile.

Sisi hatuna mlima, kwa hiyo kimo cha kuganda hatukijui. Tunachouliza ni kama ardhi yenyewe imeganda. Mvua ya Februari juu ya udongo ulioganda inateleza yote hadi mtoni kama iliyomwagwa barabarani, na barafu ya mto inavunjika na kushuka vipande vipande. Mvua hiyo hiyo mwezi wa Aprili hatuioni kabisa.

Kuhusu mpangilio wa kueuka, kwetu ni ukubwa na udongo. Vijito vidogo vya mwamba wa tabaka vinavulika kesho yake. Rocky River siku mbili tatu. Grand, wenye mfinyanzi, unaweza kukaa wiki nzima na rangi ya matope. Mzee amesema kweli kwamba kila mto una tabia yake. Mimi nina kurasa tofauti kwa kila mmoja.

---

mvuvi_jumamosi | Ijumaa, saa 6:20 mchana

Shikamoo mzee, na asanteni sana wote. Dada, kipimajoto nimenunua jana jioni.

Nimejaribu kufanya kama mlivyosema. Hoh kabla ya mvua ya Jumatano ulikuwa kama 2,500. Kilele kilikuwa jana saa nne asubuhi, 9,400. Kwa hiyo ziada ni 6,900. Sasa hivi unasoma 5,800 na unashuka. Kimo cha kuganda kilikuwa futi 5,500 wakati wa mvua, leo kimeshuka hadi 3,500, na kesho kuna manyunyu tu. Kwa hesabu ya nusu kwa siku, napata kama 4,400 kesho alfajiri.

Niende Hoh, nivue kandokando? Au nipite moja kwa moja hadi Sol Duc? Naomba jibu kabla sijalala, nalala saa moja usiku.

---

lori_la_magogo | Ijumaa, saa 11:35 jioni

Marahaba, mdogo wangu. Umehesabu sawasawa.

Nimepita darajani leo mara mbili. Asubuhi kijivu kizito. Saa tisa mchana kijivu hicho hicho, ila mstari wa maji kwenye nguzo umeshuka kama urefu wa mkono wangu, na mchanga mpya ulioachwa pembeni bado unatiririka. Namba itakuwa ile uliyoipata, rangi haitakuwa tayari. Kwa Hoh mimi ningesema Jumatatu.

Nenda Sol Duc. Leo mchana nilisimama kando yake kaskazini ya Forks: kijani yenye ukungu kidogo, na bado unashuka. Kesho utakuwa umesafika zaidi, na kwa kuwa baridi imerudi, usitegemee samaki atakayekimbilia chambo. Maji bado ni makubwa kuliko kawaida, kwa hiyo usikimbilie katikati. Watu wanaingia hadi kiunoni na kukanyaga pale pale samaki aliposimama. Anza ukiwa nchi kavu, rusha karibu, kisha ndipo uingie.

Na kwa kuwa unakuja kwa njia ya Aberdeen, utavuka Hoh kwanza. Simama pale Oxbow, kando ya daraja, dakika tano, ingiza mguu, tazama buti. Utaona mwenyewe ninachosema kuhusu namba na rangi.

---

mvuvi_jumamosi | Jumamosi, saa 3:10 usiku

Nimerudi, watoto wamelala, naandika kabla sijasahau.

Hoh, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa tochi: geji 4,350. Buti lilipotea likiwa kwenye kifundo cha mguu. Nilitoa mkono majini ukawa na utando wa kijivu kwenye vidole, laini kama unga, na ulipokauka ukabaki kwenye mistari ya kiganja. Sasa najua mfinyanzi ule mzee anausema.

Sol Duc nilifika kumeshakucha. Nilisimama ukingoni nikautazama kabla ya kufunga chochote, kwa sababu sikuwahi kuuona mto huu ukiwa hivi. Kijani ya chupa, na kila jiwe kubwa lina kivuli lakini halina makali. Gotini niliona ncha ya buti, kamba kwa mbali. Joto 40. Mstari wa unyevu kwenye mawe ulikuwa kiganja na nusu juu ya maji, ndivyo nilivyojua ulikuwa bado unashuka.

Nilianza nikiwa nchi kavu kama nilivyoambiwa. Kijiko (chambo bandia cha chuma) cha rangi ya chungwa, ndoana moja isiyo na kimiba. Saa mbili nzima hakuna kitu. Nikasogea chini hadi penye mti ulioanguka, ambapo mkondo mkali unapita nje na ndani yake kuna ukanda wa maji ya polepole, haufiki futi nane kwa upana. Zamani ningeukanyaga huo kwenda kuvua kwenye mkondo. Mara ya tatu kijiko kilipopita hapo kilisimama. Nilidhani ni mzizi. Halafu mzizi ukaondoka.

Jike wa asili, nilimjua kwa pezi dogo la mgongoni karibu na mkia ambalo halikukatwa, mwili wa fedha, ubavuni ana waridi jepesi linaloanza tu. Alikuja hadi kwenye maji ya gotini mara mbili akarudi mara mbili. Nilimshika mkia bila kumtoa, nikageuza ndoana kwa koleo, ikatoka yenyewe. Akasimama kati ya miguu yangu kwa muda, matamvua yakifunguka na kufunga, nilikuwa naona madoa ya mgongo wake kupitia yale maji ya kijani, kisha sikuyaona tena.

Ni huyo mmoja tu kwa siku nzima. Nimeandika ukurasa wa kwanza wa daftari: Sol Duc, unashuka siku ya pili, kimo cha kuganda 5,500 kisha 3,500, maji 40, buti gotini, ukanda wa ndani. Mzee, nitafanya ukurasa tofauti kwa Hoh, ila naomba unisaidie kuumalizia: uliponiambia Jumatatu, ilikuwa kweli?

---

lori_la_magogo | Jumatatu, saa 12:15 jioni

Nimefurahi sana kusoma. Huyo jike ulimwacha vizuri.

Andika: Hoh, Jumatatu saa kumi jioni, 2,900, unashuka polepole, maji 39. Nimeingia pale Oxbow na buti zangu za kazi. Gotini naona kivuli cha kijani. Kimo cha kuganda kuanzia Jumatano wanasema kinapanda tena hadi 6,000, kwa hiyo mwenye nafasi kesho asikose.